Mvinyo wa Cape: Jinsi ya Kutembelea Mashamba, Kuonja na Kuchagua Chupa za Kurudi Nazo Nyumbani

Msafiri wa Afrika Mashariki anayefika Cape Town kwa shughuli zake hana haja ya kwenda mbali ili aone mashamba ya mizabibu. Mji wa Stellenbosch, ulioanzishwa mwaka 1679, uko kiasi cha kilomita 50 mashariki mwa Cape Town, na njia yake ya mvinyo, iliyoanzishwa mwaka 1971 na wakulima watatu, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Niel Joubert wa Spier, ndiyo ya kwanza katika Afrika Kusini. Leo mashamba yanayopokea wageni katika eneo hilo yanazidi 100, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Anayekwenda bila mpango hujikuta amepita mashamba sita kwa siku moja, ameonja aina 30 za mvinyo, na jioni amebeba chupa ambazo hawezi kueleza kwa nini alizinunua.

Ninaamini kuwa kuonja kuna faida pale tu mtu anapolinganisha, na kwamba chupa huchaguliwa vizuri na yule anayejua tangu mapema itakaa wapi nyumbani kwake na italetwa mezani na chakula gani. Hatua zote zinazofuata zinatokana na mambo hayo mawili.

Kupanga msimu, eneo na usafiri

Zabibu za Cape huvunwa kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Machi, na baadhi ya mashamba huendelea hadi Aprili. Anayefika wakati huo ataona matrela yakimwaga zabibu kiwandani na atasikia harufu ya maji ya zabibu yanayochachuka, lakini watengenezaji wako kazini usiku na mchana na hawana nafasi ya kuzungumza na wageni. Desemba na nusu ya kwanza ya Januari ni likizo ya wenyeji, kwa hiyo meza hujaa na nafasi huwekwa siku nyingi kabla. Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na mvua, na mizabibu imepukutisha majani, ila huo ndio wakati ambao mhudumu anaweza kukaa nawe kwa utulivu na kujibu kila swali. Kwa mtu anayetaka kujifunza, ninapendekeza miezi hiyo pamoja na Septemba hadi Novemba, tena katika siku za kazi. Mashamba mengi hufunga saa kumi au saa kumi na moja jioni, baadhi hayafungui Jumapili, na mengine hayapokei mgeni asiyeweka nafasi. Ni vyema kupiga simu au kuandika kabla.

Baada ya msimu, amua eneo moja kwa siku moja. Stellenbosch inajulikana zaidi kwa Cabernet Sauvignon, aina ya zabibu nyekundu inayolimwa kwenye miteremko ya milima ya Simonsberg na Helderberg. Durbanville na Constantia hupata upepo baridi wa bahari, na kwa sababu hiyo zabibu nyeupe ya Sauvignon Blanc ya huko huhifadhi uchachu wake. Bonde la Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa Hermanus, ni la Pinot Noir, zabibu nyekundu, na Chardonnay, zabibu nyeupe. Swartland, upande wa kaskazini, ni nchi ya joto na ukame yenye mizabibu mikongwe ya Chenin Blanc, zabibu nyeupe, isiyotambazwa kwenye waya. Huko Franschhoek, ambako wakimbizi Waprotestanti kutoka Ufaransa walianza kupewa ardhi mwaka 1688, kuna tramu ya wageni inayozunguka mashambani tangu 2012.

Asiye na siku nzima aende Groot Constantia, shamba lililoanzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, mtawala wa Cape wakati wa ukoloni wa Waholanzi, ambalo sasa limo ndani ya vitongoji vya Cape Town. Shambani hapo kuna jumba la makumbusho, na ninamsihi kila mgeni kutoka kwetu aingie humo kabla ya kwenda kuonja, kwa sababu mizabibu ya Cape ilipandwa na kutunzwa na watumwa, wakiwamo wengi waliotolewa Msumbiji na Madagaska, hadi utumwa ulipokomeshwa huko mwaka 1834. Hata baada ya hapo, vibarua wa mashamba waliendelea kwa miaka mingi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na madhara ya desturi hiyo kwa familia zao hayajaisha. Ndiyo maana ninashauri kwamba katika orodha yako uweke angalau mvinyo mmoja wa wazalishaji weusi. Wapo kina Ntsiki Biyela, mmoja wa wanawake weusi wa kwanza kutengeneza mvinyo nchini humo, ambaye chapa yake ya Aslina ina jina la bibi yake. Na lipo shamba la Klein Goederust, Franschhoek, lililonunuliwa mwaka 2019 na Paul Siguqa, ambaye mama yake alikuwa kibarua wa mashamba ya mizabibu.

Kuhusu usafiri, fanya hesabu kwa uaminifu. Kionjo kimoja kwa kawaida ni mililita 25 hadi 30, na meza moja huleta vionjo vitano hivi, yaani karibu glasi nzima. Mashamba matatu ni glasi tatu, zaidi ya nusu ya chupa. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka dereva wa kawaida awe chini ya gramu 0.05 za kileo katika kila mililita 100 za damu, na hakuna njia ya kukisia kiwango hicho kwa kujisikia. Anayeendesha asinywe, mkikosa mtu wa namna hiyo, kodini dereva wa kutwa nzima. Teksi za kuitwa kwa simu zinapatikana mjini Stellenbosch, lakini kwenye mashamba ya milimani huwa taabu kupata ya kurudi. Mashamba matatu kwa siku yanatosha kabisa, mawili asubuhi na moja baada ya chakula cha mchana. Kama katika msafara wenu wamo wasiotumia pombe, au watoto, ulizeni mapema: mashamba mengi yana mikahawa, viwanja vya michezo na juisi ya zabibu.

Kuchagua zabibu moja ya kufuatilia

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo yenye manufaa kuliko zote. Kabla ya kuondoka, chagua aina moja ya zabibu, kisha ionje katika kila shamba utakalofika, hata kama utaonja na aina nyingine. Kwa kufanya hivyo, jioni utajua kitu cha hakika: utajua namna udongo, pipa na mkono wa mtengenezaji vinavyoweza kuibadilisha zabibu ileile.

Kwa anayeanza ningechagua Chenin Blanc. Ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, karibu kila shamba lina chupa yake, na bei zake huanzia za chini hadi za juu sana. Isitoshe, Chenin Blanc inalimwa pia Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msomaji wa Tanzania atakuwa na cha kulinganisha nacho akirudi. Anayependa mvinyo mwekundu afuatilie Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch mwaka 1925 pale Profesa Abraham Perold alipochavusha Pinot Noir na Cinsault.

Tazama jinsi ulinganisho unavyofanya kazi. Umewekewa glasi mbili za Chenin Blanc za mwaka mmoja, moja ikiwa imechachuliwa katika tangi la chuma kisichoshika kutu, nyingine katika pipa la mwaloni. Ya kwanza ni nyeupe inayokaribia kijani, inanukia tufaha bichi na pera, na ukiinywa mate hujaa pembeni mwa ulimi. Ya pili ina rangi ya dhahabu hafifu, inanukia asali na vanila, nayo ni nzito zaidi mdomoni. Usiamue hapo. Ziache dakika kumi zipate joto kidogo, uzirudie. Mara nyingi ile ya tangi itakuwa imepungua nguvu, kwa kuwa uzuri wake ulikuwa katika ubaridi, na ile ya pipa ndiyo kwanza inafungua harufu zake. Basi umeshapata jibu la swali la ununuzi: ya tangi ni ya kunywewa baridi na mapema, ya pipa ni ya kukaa nayo mezani.

Mezani: kutazama, kunusa, kuonja, kutema

Asubuhi ya safari kula chakula cha kutosha, chenye wanga na mafuta kidogo. Usijipake manukato, kwa maana utaharibu pua yako na ya jirani zako mezani. Usitafune ubani wala kunywa kahawa nzito muda mfupi kabla. Chukua maji ya kunywa, kalamu na daftari dogo. Picha za lebo zilizopigwa kwa simu husaidia, lakini haziwezi kukukumbusha ladha.

Mhudumu ataanza na mvinyo wenye povu kama upo, halafu mweupe, mwekundu, na mwisho mtamu. Fuata mpangilio huo, kwa sababu mvinyo mtamu ukitangulia, ule usio na sukari utakaofuata utaonekana mkali kupita hali yake. Shika glasi kwenye mguu wake ili joto la kiganja lisifike kwenye kinywaji. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe uone rangi: mvinyo mweupe mchanga ulioanza kuwa wa kahawia huenda umeingiwa na hewa, na mwekundu wenye ukingo wa rangi ya matofali umeshazeeka kiasi. Nusa kabla ya kuizungusha glasi, uizungushe, kisha unuse tena.

Hapo ndipo uchukue funda dogo, ulipitishe mdomo mzima, na ujiulize mambo manne. Uchachu uko wapi, yaani mate yanatoka kwa kasi gani? Ukakasi ni wa kiasi gani, ule unaokausha ufizi na kukwaruza ulimi, ambao hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na pia kwenye mbao za pipa? Je, koo linachoma, dalili ya kileo kilichozidi matunda? Na ladha inadumu kwa muda gani baada ya kumeza au kutema? Andika mstari mmoja tu kwa kila mvinyo, pamoja na bei yake, kabla mhudumu hajakuambia yeye anasikia ladha gani. Ukisubiri maelezo yake utaandika maneno yake, na jioni daftari halitakusaidia.

Kutema si utovu wa adabu. Ndoo au kopo liliwekwa mezani kwa kazi hiyo, na wanaotengeneza mvinyo wenyewe hutema kila siku. Inama karibu na ndoo, tema kwa mkupuo mmoja, na kilichobaki kwenye glasi kimwage humo humo. Baada ya kionjo cha tatu mtu asiyetema huanza kuona kila kitu ni kizuri, na huo ndio wakati ambao fomu ya kuagiza huletwa.

Ukisikia harufu ya ukungu au ya kadibodi iliyolowa, na matunda hayasikiki, kizibo kimeharibu mvinyo. Sema kwa upole. Mhudumu mzuri atainusa chupa na kufungua nyingine. Uliza pia chupa ilifunguliwa lini, kwa kuwa iliyofunguliwa jana mchana inaweza kuwa imechoka, na wewe utaihukumu isivyo haki. Maswali mengine yanayozaa majibu yenye manufaa ni haya: zabibu zimetoka shamba hili au zimenunuliwa kwingine, mvinyo umekaa katika pipa kwa muda gani na mapipa yalikuwa mapya au la, na mtengenezaji anadhani utakuwa katika hali yake bora mwaka gani.

Kusoma lebo

Afrika Kusini ina mfumo wa kuthibitisha asili ya mvinyo tangu mwaka 1973, nao unampa mnunuzi uhakika wa mambo machache muhimu. Chupa iliyothibitishwa hubeba muhuri mdogo wenye namba. Lebo ikitaja eneo la asili, zabibu zote zimetoka katika eneo hilo. Ikitaja aina moja ya zabibu au mwaka wa mavuno, angalau asilimia 85 ya kilichomo kinalingana na kilichotajwa. Kwa hiyo lebo iliyoandikwa Stellenbosch inakuambia jambo bayana zaidi kuliko ile iliyoandikwa Western Cape, ambayo inaruhusu kuchanganya zabibu kutoka sehemu nyingi za jimbo hilo. Hilo si kosa, ila bei ilingane na ukweli huo. Upo pia muhuri wa mizabibu mikongwe, unaotolewa kwa mashamba ya mizabibu yenye umri wa miaka 35 au zaidi, na huonyesha mwaka ambao mizabibu ilipandwa. Mizabibu ya umri huo huzaa kidogo, na mvinyo wake mara nyingi huwa na uzito ambao hautokani na pipa. Ukiukuta muhuri huo kwenye chupa ya Chenin Blanc ya bei unayoimudu, ninaona ni chaguo zuri sana. Sifa za upande wa nyuma wa lebo zisome mwisho, ukishaonja.

Kuamua cha kununua

Mwanzo wa uamuzi uwe nyumba yako. Mvinyo hutunzwa vizuri katika nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi, mahali penye giza na pasipobadilika joto. Nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar hazifiki huko hata usiku, na chupa inayokaa miezi kadhaa katika nyuzi 28 huzeeka haraka na kupoteza harufu ya matunda. Cabernet Sauvignon ghali na changa, ambayo ukakasi wake unahitaji miaka minane ili ulainike, ni ununuzi mbaya kwa mtu wa pwani asiye na jokofu la mvinyo, hata kama ndiyo iliyomvutia kuliko zote mezani. Achukue mwekundu ulio tayari kunywewa sasa, mweupe wa kunywewa ndani ya mwaka, au mvinyo mtamu, ambao sukari yake huusaidia kustahimili. Anayeishi Nairobi, Arusha au Bukavu, ambako kuna ubaridi wa nyanda za juu, ana nafasi kubwa zaidi ya kuweka chupa kwa miaka miwili au mitatu.

Baada ya hapo fikiria sufuria yako. Samaki wa kupaka, pamoja na tui lake zito, hufaa Chenin Blanc ya pipa, ambayo uchachu wake hukata mafuta ya nazi. Nyama choma na mishkaki iliyoungua kidogo hupatana na Pinotage au Shiraz, kwa kuwa zote mbili huwa na harufu ya moshi na viungo. Kwa biriani na pilau ningetafuta mwekundu mwepesi usio na ukakasi mwingi, kama Cinsault, uliopozwa kidogo. Pilipili ndiyo yenye masharti: kileo kingi na ukakasi huongeza mwasho mdomoni, hivyo chakula kikali kinahitaji mvinyo mweupe wenye utamu kidogo na kileo cha chini, na asilimia ya kileo imeandikwa kwenye lebo.

Bei inahitaji nidhamu. Jiwekee kikomo cha fedha kwa siku, na usinunue zaidi ya chupa mbili katika shamba moja hadi uwe umemaliza ziara zote. Shamba unalolitegemea kuliko yote lipange liwe la mwisho, ili ukiwa hapo uwe na kipimo. Uliza kama ada ya kuonja hufutwa kwa anayenunua, na kama kuna punguzo kwa chupa sita. Swali ambalo lingewaokoa wengi ni hili: je, mvinyo huu unauzwa nje ya shamba? Chapa nyingi za Cape zimejaa kwenye maduka makubwa ya Nairobi na Dar es Salaam, na hakuna sababu ya kulipia mzigo wa ndege kwa chupa inayopatikana mtaani kwako. Beba ile ambayo shamba linaiuza mlangoni kwake tu.

Kubeba, forodha na kuhifadhi

Chupa ya mililita 750 ikiwa imejaa huwa na uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5, hivyo sita hukaribia kilo tisa. Haziruhusiwi katika mzigo wa mkononi kwenye safari za kimataifa, isipokuwa zilizonunuliwa ndani ya uwanja baada ya ukaguzi. Kila chupa ifungwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, ikazungushiwe nguo nene, na ikae katikati ya sanduku mbali na kingo. Mashamba huuza pia maboksi yenye sponji, na ninaona yana thamani ya fedha zake kwa anayebeba zaidi ya mbili.

Afrika Kusini hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, na mgeni anaweza kurudishiwa kwa bidhaa anazotoka nazo nchini iwapo ununuzi wake unazidi randi 250. Omba ankara ya kodi dukani, fika uwanjani mapema, na uonyeshe chupa kwa maofisa kabla ya kukabidhi sanduku, kwa kuwa wasipoziona hawakupigii muhuri. Upande wa kuingia, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu abiria aliyetimiza miaka 18 kuingia na lita mbili za mvinyo bila kutozwa ushuru. Chupa mbili ni lita moja na nusu. Ya tatu inakupitisha kiwango. Zilizozidi zitangaze mwenyewe na uzilipie.

Ukifika nyumbani, ziache chupa zitulie wiki moja au mbili kabla ya kufungua. Zenye kizibo cha gome zilazwe ili kizibo kisikauke. Zenye kifuniko cha kuzungusha zaweza kusimama. Ziwekwe chini ya kabati katika chumba cha ndani kisichopigwa na jua, kamwe zisiwekwe jikoni wala juu ya friji, ambako joto la mashine hupanda mfululizo. Nyeupe utakazokunywa mwezi huo zikae ndani ya friji. Mwekundu nao huhitaji kupozwa kwetu: joto lake zuri ni nyuzi 16 hadi 18, na chumba cha Tanga mchana kiko mbali na hapo, kwa hiyo uutie kwenye friji nusu saa kabla ya wageni kukaa mezani. Chupa iliyobaki izibwe na irudishwe kwenye friji, iwe nyeupe au nyekundu, na imalizwe ndani ya siku tatu.